Mtoto Asiyetulia Darasani: Tukikague Kwanza Kiti Chake

Mama mmoja wa Gahanga ametuletea barua ambayo haiwezi kujibiwa kwa mistari miwili. Ana mtoto wa kiume wa miaka saba, yuko darasa la pili. Tangu muhula uanze ameitwa shuleni mara tatu, na kila mara shtaka ni lile lile: mtoto hakai. Hupiga magoti juu ya benchi, huteremka, huchezesha miguu, huwasukuma wenzake, na huangusha penseli ili apate sababu ya kuifuata chini. Amehamishiwa nyuma kabisa ya darasa asiwasumbue wengine, na tangu hapo maksi zake zimeshuka. Baba yake anasema dawa ni fimbo. Mama mwenyewe ameona jambo jingine: siku za shule, ifikapo asubuhi, mtoto hulalamika kuwa tumbo linamuuma, Jumamosi tumbo haliumi. Anauliza: “Je, mwanangu ana kasoro?”

Tumeitolea barua hiyo safu nzima ya juma hili kwa sababu tunajua kwamba mama huyu hayuko peke yake. Kutoka Gikondo mpaka Masaka, kutoka Niboye mpaka Kanombe, ni shida kulipata darasa la watoto wadogo lisilokuwa na wawili watatu wa namna hiyo. Wala jambo la kuhofia si zile kelele zao. Jambo la kuhofia ni kwamba mtoto anayeambiwa kila siku kuwa yeye ni mbaya, mwishowe husadiki. Akishasadiki, shule kwake huwa mahali pa kushtakiwa, wala si mahali pa kujifunzia tena, na tumbo huanza kuuma.

Basi, kabla ya kumkagua mtoto, tunawaomba wazazi na walimu wakikague kitu ambacho ni nadra kukaguliwa: kile anachokikalia.

MIGUU INAYONING'INIA

Ndugu msomaji, fanya jaribio dogo nyumbani. Kaa juu ya meza ya chakula, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, kisha uandike barua katika daftari lililowekwa mbali kidogo na mkono wako. Baada ya muda mfupi tu utaanza kujisogeza. Ukingo wa ubao huyabana mapaja, ganzi huingia, mgongo hupinda, nawe hutafuta pa kutulizia miguu. Wewe ni mtu mzima, na unajua kwa nini unajisogeza. Mtoto wa miaka saba hajui. Yeye hujikuta tu amekwisha kupiga goti, na jina lake limekwisha kutajwa.

Hiyo ndiyo hali ya watoto wengi kwa saa nyingi za masomo. Benchi la shule zetu, lile lililounganishwa na meza yake kwa mbao, aghalabu huchongwa kwa kipimo kimoja kwa ajili ya shule nzima. Mtoto wa darasa la kwanza hukalia benchi lile lile litakalomfaa akifika darasa la sita. Tena, kwa kuwa kiti na meza vimeunganishwa, hawezi kuvisogeza vikakaribiana. Wakiketi watatu au wanne pamoja, akijisogeza mmoja hutikisika wote.

Katika vipimo vya samani za shule vinavyofuatwa Ulaya, mtoto mwenye kimo cha sentimita 120 hivi hupewa kiti chenye urefu wa sentimita 31 hadi 35 kutoka sakafuni, na meza ya sentimita 53 hadi 59. Kiti cha kawaida cha mtu mzima kina sentimita 45 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita kumi au zaidi ndiyo miguu inayoning'inia.

Lakini hatuhitaji kitabu cha vipimo. Chukua uzi. Pima kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti la mtoto: huo ndio urefu wa kiti kinachomfaa. Akishaketi, mwambie akunje mkono: pale kiwiko kinapofika, au juu kidogo ya hapo, ndipo uso wa meza unapostahili kuwa. Ikiwa benchi ni refu mno wala haliwezi kukatwa, pigilia ubao wa kukanyagia chini ya meza, nyayo zake zipate mahali pa kutua. Ni kazi ya misumari michache na mbao mbili za mikaratusi. Wazazi wanaokutana katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama wakikubaliana na mwalimu mkuu, wanaweza kuyatengeneza mabenchi ya darasa zima la kwanza kabla ya saa sita mchana.

KUKAA SI KWA NAMNA MOJA

Kipimo kikiwa sawa, litabaki swali la pili: je, ni lazima watoto wote wakae kwa namna moja siku nzima?

Tusidhani kwamba safu za mabenchi zimekuwapo tangu dunia iumbwe. Wazee wetu walifundishwa mengi penye moto wa jioni, wengine wakiwa mkekani, wengine wameegemea ukuta, wengine wamechuchumaa. Huko pwani ya Waswahili, vizazi na vizazi vya watoto vimejifunza kusoma Kurani vikiwa vimeketi mkekani kumzunguka mwalimu, huku miili ikiyumba mbele na nyuma kwa kufuata kisomo. Hakuna aliyesema kwamba kule kuyumba ni utukutu. Ilieleweka kwamba mwili nao unasoma.

Hata wataalamu wa nchi za mbali walilitambua jambo hili zamani. Tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Wakati huo shule zilijivunia madawati mazito yaliyomfunga mtoto asigeuke. Yeye hakuyataka. Aliagiza meza na viti vyepesi ambavyo watoto wadogo waliweza kuvibeba wenyewe, na kwa kazi za sakafuni akawapa mikeka. Kwa maoni yake, mtoto aliyezuiwa kusogea hajafundishwa nidhamu, amezuiwa tu. Nidhamu ni pale anapoweza kusogea, lakini anajua wakati wa kutulia.

Hata hivyo, tusiyachukue mambo haya kwa pupa. Mnamo mwaka 1995 Waingereza wawili, Nigel Hastings na Joshua Schwieso, walichapisha uchunguzi wao juu ya namna watoto wa shule za msingi wanavyoketi. Waliona kwamba kazi ikiwa ni ya kila mtoto peke yake, kama vile kuandika au kufanya hesabu, watoto hushikamana nayo zaidi wakiketi kwa safu kuliko wakiketi kwa makundi wakitazamana. Tena waliofaidika zaidi na safu ni wale wepesi wa kupotewa na makini. Kwa hiyo safu si adui. Kosa ni kuitumia safu kwa kila kazi: kwa hadithi, kwa majadiliano, kwa kuimba na kwa kuhesabu mbegu.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2015 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Central Florida huko Marekani, uliwahusu wavulana wenye ugonjwa wa upungufu wa makini na utukutu. Wavulana hao walipopewa kazi ya kukumbuka, walifanya vizuri zaidi kadiri miili yao ilivyochezacheza. Wenzao wasio na ugonjwa huo walionyesha kinyume: kadiri walivyochezacheza ndivyo walivyofanya vibaya. Somo hapa ni wazi. Kuna mtoto ambaye ukimzuia kabisa asisogee, umemzuia pia kufikiri. Na kuna mwingine ambaye ukimpa kiti cha kubembea, umempa mchezo. Hakuna kiti kimoja cha watoto wote. Kiti kifuate mwili wa mtoto na kazi iliyo mbele yake.

DARASA LA WATOTO HAMSINI

Mwalimu atasema: “Hayo ni ya shule zenye watoto ishirini. Mimi nina hamsini.” Ni kweli, na haifai kumdharau. Mwaka 2020 nchi yetu ilianza kujenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano na zamu mbili za masomo. Lakini watoto nao wanaongezeka, na chumba kipya hakiji na samani za kila kimo. Wakati huo huo, mtaala unaofuatwa tangu mwaka 2016 unamtaka mtoto atende, aulize na azungumze na wenzake, mambo ambayo benchi lisilosogea hayalirahisishii darasa.

Basi tuchukue mfano wa darasa la watoto 50 lenye mabenchi 13, kila benchi likikaliwa na watoto wanne au pungufu. Tandika mkeka mpana mbele, chini ya ubao, wakae watoto kumi. Chukua benchi moja ulisogeze mpaka ukuta wa nyuma, na seremala aliongezee miguu hadi uso wa meza yake ufikie viwiko vya mtoto aliyesimama. Hapo watasimama wanne, upande ule usio na kiti, wakifanya kazi kwa miguu yao. Waliobaki ni 36, nao wataenea katika mabenchi 12, watatu watatu, bila kubanana. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa mkeka na vipande vya mbao.

Shule hufunguliwa siku tano kwa juma. Watoto kumi wakikaa mkekani kila siku, darasa lote litakuwa limekaa mkekani ifikapo Ijumaa, na hakuna atakayesema mwalimu ana kipenzi. Mahali pa kusimama pawe pa wale ambao miili yao inawaita, kwa zamu za nusu saa, kisha warudi. Palipo na zamu mbili za masomo, mkeka hukunjwa na kuwekwa kando, na walimu wa asubuhi na wa mchana hukubaliana wapi benchi la kusimamia libaki.

Mambo haya hayaendi bila kanuni, na kanuni zenyewe ni chache. Kwanza, mahali pa kukaa pasiwe tuzo wala adhabu. Mtoto asipelekwe kusimama nyuma kwa sababu amekosa, maana mahali pale pataitwa jela siku hiyo hiyo. Pili, kila mtoto auone ubao na amsikie mwalimu. Tatu, anayepageuza mahali pake kuwa uwanja wa mchezo hurudi benchini kwa siku ile tu, na kesho hujaribu tena. Nne, wakati wa imla na hesabu za kuandika, wote hutazama mbele. Wakati wa majadiliano, safu moja hugeuka kuikabili ya nyuma yake. Wa mkekani wapewe kila mmoja kibao cha kuandikia magotini, kwa kuwa kuandika sakafuni huuumiza mgongo. Nao mkeka upigwe jua na chini yake pafagiliwe kila siku, hasa penye sakafu ya udongo, kwa ajili ya funza na vumbi. Asubuhi za baridi uwekewe gunia safi chini yake.

Kwa mtoto ambaye miguu yake haitulii hata akikanyaga sakafu, iko njia ya bei ndogo. Chukua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule wanaofungia mizigo, uukaze baina ya miguu miwili ya mbele ya kiti au benchi, karibu na vifundo vya miguu yake. Mtoto atausukuma na kuuvuta kwa miguu bila kelele, huku mikono na macho vikiendelea na kazi. Shule za nchi tajiri hununua mikanda ya namna hii madukani. Sisi tunayo kwa kila fundi wa baiskeli.

NYUMBANI NAKO

Mzazi asingoje shule. Mtoto aliyeketi masomo yote hatakiwi kufika nyumbani na kuketishwa tena papo hapo. Acha kwanza achote maji, acheze, aende dukani. Mwili ukishachoka kucheza, akili hupata nafasi. Kisha mpe mahali pamoja pa kusomea, penye mwanga na mbali na redio, lakini mwachie namna ya kukaa: leo kwenye kigoda, kesho mkekani na ubao magotini, siku nyingine amesimama penye ukingo wa dirisha wenye kimo chake. Mto wa kukalia unaweza kushonwa kwa kipande cha kitenge kikuukuu, ukajazwa majani makavu ya mgomba, yale yale ya kusokotea kata ya kubebea mzigo kichwani.

Kazi igawanywe. Kwa mtoto wa miaka saba, robo saa ya kuandika, kisha ainuke, anyooshe viungo, anywe maji, arudi. Robo saa tatu za namna hiyo hufaa kuliko saa nzima ya kugombana.

KITI KIKIWA SI SABABU

Tumesema kiti kikaguliwe kwanza. Hatukusema kiti ndicho sababu ya kila kitu. Mtoto aliyekuja bila kunywa uji hatulii. Aliyelala saa tano za usiku hatulii. Asiyeona ubao vizuri hugeuka kumtazama jirani. Asiyesikia vizuri hufanya la kwake. Tangu ilipoamuliwa, mwishoni mwa mwaka 2019, kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, wako watoto wanaojisogeza kwa sababu tu hawajaelewa kinachosemwa. Hata mtu mzima, akiwekwa katika mkutano wa lugha asiyoijua, huanza kuchezea vifungo vya shati.

Hivyo, mama wa Gahanga, fuata hatua kwa hatua. Mpime kimo cha kiti kwa uzi. Hakikisha uji na usingizi. Mpeleke kituo cha afya macho na masikio yake yaangaliwe. Kisha nenda kwa mwalimu, wala usiende na lawama. Mwombe mambo mawili tu: mtoto arudishwe mbele, na nyayo zake zipate pa kukanyaga. Mkubaliane muda wa majuma manne, na kila Ijumaa muulizane kuna mabadiliko gani. Ikiwa baada ya hapo mtoto bado hatulii, si shuleni tu bali hata nyumbani, kanisani au msikitini, na hata katika michezo anayoipenda, rudi kituo cha afya umweleze mganga hayo yote. Kituo kinaweza kumwelekeza kwa wataalamu, kama wale wa hospitali ya Ndera. Huo ni ugonjwa unaojulikana na una msaada wake. Si laana, wala si malezi mabaya ya mama.

Na kwako, baba: sheria ya nchi ya mwaka 2018 ya kumlinda mtoto inamwadhibu anayempa mtoto mateso au adhabu kali na ya kudhalilisha. Lakini tuiache sheria kando, tuitazame faida. Fimbo humfanya mtoto atulie kwa muda wa maumivu yake. Haimfikishii miguu sakafuni. Akipigwa kwa jambo ambalo mwili wake umelifanya kabla yeye hajalikusudia, atajifunza kuogopa na kuficha, na maumivu ya tumbo yatakuwa ya kila asubuhi.

Wazee wa Rwanda husema “Igiti kigororwa kikiri gito,” na Waswahili husema “Samaki mkunje angali mbichi.” Methali hizo mbili hutajwa mara nyingi na watu waliokwisha kushika fimbo mkononi. Lakini anayeunyoosha mti mchanga haupigi; huuwekea mti mwingine wa kuegemea, akaufunga taratibu, akaurudia kila juma kuutazama. Walimu wa Kicukiro waliokwisha kujaribu namna mbalimbali za kuwaketisha watoto watuandikie, ili tuwajulishe wenzao yaliyofaa na yasiyofaa.

Juma lijalo, katika ukurasa huu, tutazungumza juu ya uji wa asubuhi: nafaka zipi zichanganywe, kwa kipimo gani, na namna ya kuupika usiku bila kuchacha. Hadi hapo, tunawatakia juma jema.